Maswali Kwenye Pakiti ya Mbegu

Wivu wangu haukuanza kwa mume wala kwa nguo. Ulianza kwa kitabu cha Biolojia, na sioni haya kusema hivyo, maana waliokaa nami mwaka ule waliuona usoni pangu kabla mimi mwenyewe sijaujua.

Tulikuwa wawili tuliorudia mtihani wa kidato cha nne, mimi na mke wa ndugu yangu mdogo. Sote tulikuwa tumemaliza shule zamani, kila mmoja na alama ya aibu katika Biolojia, na chuo cha uuguzi hakikutaka kusikia hadithi yoyote isiyo na C ndani yake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilifanya kazi katika duka la dawa mjini Kitale, kuuza tembe za kichwa na kuwasikiliza watu wakieleza jinsi tumbo linavyowakata. Yeye alikuwa na ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kukagua mahindi katika stoo moja ya nafaka kule Kibomet. Tulikodi chumba kimoja mtaa wa Tuwan ili tuhudhurie pamoja darasa la watu wazima la kila Jumamosi. Ndugu yangu, fundi wa matrekta, alikuwa mtu wa kuzunguka mashambani, na mtoto wao, msichana wa miaka minne, alilelewa na mama yangu nyumbani Tongaren.

Mtoto huyo alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao seli zake hujipinda zikaziba mishipa. Baridi ya Julai ikiingia, vidole vyake vilivimba na alilia mpaka sauti ikakauka. Nautaja sasa kwa sababu kila kitu ninachotaka kusimulia kinaurudia.

Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kitabu. Barua ya chifu, maagizo ya dawa ya ng'ombe, hata ratiba za mazishi, niliitwa mimi nisome. Kwa hiyo tulipoanza kujiandaa kwa mtihani sikuwa na shaka ni nani angemsaidia mwenzake. Nilichora ratiba nikaibandika ukutani kwa uji wa unga. Nilinunua kalamu nene ya njano. Nilianza ukurasa wa kwanza, nikapiga mstari chini ya kila kilichoonekana muhimu, na kwa kuwa kila kitu kilionekana muhimu, kitabu kikageuka njano chote. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo. Kufikia Agosti nilikuwa nimekipitia mara tatu, na ungeniuliza nilikuwa natafuta nini mle ndani, ningekujibu kwamba natafuta C.

Yeye hakuwa na ratiba. Kila jioni alirudi kutoka stoo na nywele zimejaa vumbi la mahindi, akateka maji ya ugali kwenye sufuria na kuyaweka kwenye jiko, kisha akaketi na kitabu magotini kikiwa kimefungwa. Kimefungwa! Alitoa pakiti tupu ya mbegu aliyoiokota kazini, akaichana na kuigeuza upande mweupe, akaandika maswali mawili au matatu. Ndipo akafungua kitabu, si mwanzoni, bali palepale alipotaka, akasoma akikunja uso, akakifunga tena. Alijijibu kwa sauti kama anayebishana na jirani, halafu akainuka kusonga ugali.

"Umemaliza kusoma?" nilimuuliza siku za kwanza.

"Nimepata chenye nilikuwa natafuta."

"Na kurasa zile zingine?"

"Hizo leo sikuwa na swali nazo, mulamwa."

Mulamwa ndivyo tunavyoitana kwetu, dada na mke wa ndugu yake. Alilitamka neno hilo kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko matusi.

Siku moja nilipoteza ufunguo wa chumba nikaenda Kibomet kuchukua wake. Nilimkuta amesimama mbele ya mkokoteni wa magunia, ameshika bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha wanaodunga nao gunia ili kutoa punje za ndani. Mwenye mahindi, mzee mnene mwenye maneno mengi, alikuwa amefungua gunia la juu.

"Mama, angaria hapa tu. Mahindi safi kama meno ya mtoto. Mambo ya kudungadunga ni ya nini?"

"Hapo juu kila mtu huweka mazuri, mzee," alimjibu, wala hakuangalia pale alipoonyeshwa. Alizunguka, akainama, akadunga gunia la chini kabisa upande wa ukutani. Alipokea punje kiganjani, akaiuma moja. "Hii iko na maji. Mlianua mvua ikinyesha?"

Mzee alicheka, akakiri kwamba ndiyo, watoto walichelewa. Magunia manne yakarudishwa juani.

Nilimuuliza alijuaje pa kudunga. Hakujisifu. Laiti angejisifu kidogo, ningepata la kumsema.

"Huwezi dunga tu ovyo. Kwanza unajiuliza, huyu mtu anaweza kuwa ameficha nini? Maji, mdudu, ama mawe? Ukishajua swali, unajua pa kudunga. Ukidunga bila swali unatoboa tu gunia ya watu bure."

"Sasa hata kitabu kwako ni gunia," nilimwambia.

"Si ni kitu imefungwa pia?"

Nilichukua ufunguo nikaenda zangu. Njiani nilicheka peke yangu kwa dharau, lakini moyoni nilikuwa naungua, kwa sababu nilikuwa nimeiona kalamu yangu ya njano jinsi ilivyo.

Mtihani wa majaribio ulifanyika mwisho wa Julai. Mwalimu wetu wa Jumamosi alirudisha karatasi akisoma alama kwa sauti, desturi mbaya ambayo walimu hawaiachi hata wanafunzi wakiwa wazazi. Mke wa ndugu yangu alipata sitini na nane. Mimi nilipata arobaini na moja.

"Huyu anasoma akijua anataka nini," mwalimu alisema akimwelekea yeye. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unasoma sana."

Tofauti ya sentensi hizo mbili niliielewa vizuri. Nilimwambia mwenzangu hongera, na neno lilinitoka kavu kama limeokwa. Tuliporudi Tuwan nilitaka kupika mimi, ili nimgeuzie mgongo, lakini alikuwa ameshawasha jiko.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Tongaren kumwona mama. Mke wa ndugu yangu hakuweza kuja kwa sababu stoo ilikuwa na kazi, na hilo lilinifurahisha, maana nilidhani siku moja mama angekuwa wangu peke yangu. Nilikosea. Tangu nilipovua viatu mama alikuwa anamsifu. Mke wa mtoto wake amemtumia dawa za mtoto. Mke wa mtoto wake amempigia simu kila jioni. Mke wa mtoto wake ndiye aliyegundua kwamba ghala linavuja. Na sitini na nane zake mama alikuwa nazo tayari kichwani, wakati arobaini na moja zangu hakuziuliza.

Mtoto alikuwa ametoka kwenye siku tatu za maumivu. Alilala kwenye kochi, macho yana rangi ya manjano, na mama alikuwa anamkanda vidole kwa kitambaa cha maji moto.

"Yule msichana ako na mikono mizuri," mama alisema. "Kila kitu anashika kinafaulu."

"Mikono sawa, mama," nilisema. "Shida ni damu."

Mama aliacha kukanda.

"Huu ugonjwa kwetu haukuwepo," niliendelea. "Baba alikufa mzee na hakuugua hivi. Wewe huugui. Ndugu yangu anabeba injini ya trekta peke yake. Sasa umetoka wapi?"

Nikikumbuka maneno hayo leo natamani kujificha. Mwaka uliotangulia mke wa ndugu yangu alikuwa amerudi kutoka kliniki ya Bungoma akatuambia kwamba daktari amesema ugonjwa hutoka kwa wazazi wote wawili. Mimi ndiye niliyecheka. Nilisema madaktari husema hivyo ili watu wasipigane kwenye kliniki. Mama akacheka nami, na jambo likaishia hapo. Safari hii mama hakucheka. Mtu wa kitabu alikuwa amesema, na katika nyumba yetu nikishasema mimi hakuna wa kupinga.

Neno likifika kwa mama linafika pia kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, ambaye boma lake limepakana na letu. Kufikia Septemba mama alinipigia simu na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba wazee wamefikiria. Watu wakimaliza kuvuna, mwezi wa Desemba, kutakuwa na kikao. Ndugu yangu atashauriwa atafute mke mwingine, na huyu arudi kwao upande wa Chwele pamoja na mtoto wake, ili boma lisiendelee kuzaa wagonjwa.

"Na yeye anajua?" nilimuuliza.

"Si ameanza kuhisi. Mumewe ananyamaza siku hizi akimpigia."

Ningependa kuandika kwamba nilishtuka. Nilijisikia mwepesi. Nilikata simu nikanunua mahindi ya kuchoma, nikala nikiwa nimesimama barabarani, na yalikuwa matamu.

Yeye aliendelea na pakiti zake. Alizihifadhi ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, chini ya kitanda, na kadiri mtihani ulivyokaribia ndivyo alivyoandika zaidi. Mjini minong'ono ilikuwa imeanza, kama inavyoanza kila mwaka, kwamba karatasi zimevuja. Pale dukani wazazi walinunua dawa ya mafua wakaulizana kwa macho nani ana nini. Na kwetu, mtu akifaulu ghafla hakuna anayesema amejifunza. Wanasema ameona karatasi.

Mimi pia nikasema hivyo, moyoni. Sitini na nane kwa dakika za kuchemsha maji? Haiwezekani. Wakulima wanaopita stoo ile ni wengi, na wengine ni walimu. Mmoja amempa. Nilipojieleza hivyo nilipata usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Julai.

Jumapili moja ya Oktoba alitoka na ndoo kwenda kuoga. Niliinamia mkebe. Pakiti zote zilikuwa ndani isipokuwa moja iliyokaa juu ya kifuniko, imekunjwa mara mbili. Niliifungua. Mwandiko wake mnene, maswali matano. Niliyanakili harakaharaka nyuma ya boksi la dawa, nikairudisha jinsi ilivyokuwa, na aliporudi akinukia sabuni alinikuta napiga mistari ya njano.

Maswali yalikuwa kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ilhali mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Hilo peke yake lingetosha kunifungua macho. Lakini wivu una akili nyingi za kipumbavu, na nilijiambia kwamba ameyatafsiri ili kuficha.

Siku ya pili nilianza kuyajibu pale dukani, kati ya mteja na mteja. Swali la kwanza lilisema: *Mtoto ana selimundu. Baba yake hajawahi kuugua. Mama yake hajawahi kuugua. Ugonjwa umetoka wapi?* Nikamwonea wivu kwa hilo pia. Nikasema, ona bahati ya huyu mtu, hata mtihani wa taifa unamuuliza mambo ya nyumbani kwake.

La pili: *Je, unaweza kutoka kwa mzazi mmoja peke yake? Chora uonyeshe.*

Nilichukua karatasi nikachora vile visanduku vinne tulivyofundishwa. Kila mtu ana herufi mbili, anampa mtoto moja. Mgonjwa ni yule mwenye herufi mbili mbaya. Nilimpa mama wa mtoto herufi mbaya na baba nikamwachia zote nzuri, kama nilivyotaka iwe. Mtoto hakuugua. Nikachora tena. Nikabadilisha upande. Wateja walikuja wakaondoka, mmoja nilimpa dawa ya kikohozi mara mbili akanirudishia moja, nami nilikuwa bado nachora. Sikuwa nimewahi kusoma hivyo maishani. Nilikuwa nataka kitu, nakitaka kwa meno: sanduku moja tu ambalo mtoto anaugua na ndugu yangu hana lolote. Nilichora mara nane na halikutokea.

Nilifungua kitabu kuhakikisha. Ukurasa wote ulikuwa njano. Sentensi iliyosema kwamba kila mzazi lazima awe amebeba, nilikuwa nimeipigia mstari mara tatu, mara moja kwa kila safari niliyopita hapo, na sikuwa nimeisoma hata mara moja.

La tatu liliuliza kama mtu anaweza kubeba ugonjwa huo na asijue. La nne, watu hao wawili wakizaa tena, mtoto wa pili atakuwaje. Niliyajibu polepole, maana sasa nilijua majibu yalikoelekea. Kisha nikafika la tano, ambalo nilikuwa nimelinakili bila kulisoma.

*Baba ya mtoto ako na dada. Huyo dada naye akitaka kuolewa, apimwe nini kwanza?*

Ndugu yangu ana dada mmoja tu. Wakati ule kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kimilili aliyekuwa amenieleza nia yake ya kuja nyumbani mwaka unaofuata, na mtu wa pekee niliyekuwa nimemwambia siri hiyo ni mke wa ndugu yangu, jioni moja tulipokuwa tunachambua mboga. Alifurahi akapiga makofi na viganja vyenye sukumawiki. Mimi nilikuwa namtafutia njia ya kumwondoa nyumbani, naye alikuwa ananitafutia watoto wazima.

Msomaji atadhani nilitubu palepale. Sikutubu. Nilimwonea wivu zaidi ya mwanzo. Alikuwa na kitu anachokitafuta ndani ya kitabu kile, kitu chenye vidole vinavyovimba Julai, ndiyo maana kitabu kilimfungukia. Mimi nilikuwa natafuta kumshinda. Hilo halina ukurasa.

Novemba tulifanya mtihani Bungoma, katika shule moja karibu na mjini, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga mbao. Waliuliza figo, waliuliza mizizi, waliuliza chavua. Hapakuwa na swali hata moja la damu. Nilipindua karatasi mara mbili nikilitafuta. Kwa hiyo hakuna kilichovuja, na ile sura moja niliyoijua kuliko mwalimu haikunifaa kitu.

Baadaye tulikunywa chai hotelini karibu na soko.

"Ile ya figo ulijibu nini?" aliniuliza.

Nilimwambia. Alisita kidogo, kisha akanieleza jibu sahihi taratibu, akilichora kwa kidole mezani kwenye maji ya chai. Niliongeza sukari ambayo sikuihitaji. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kuhusu Desemba na kuhusu yaliyosemwa nyumbani na aliyeyasema. Nilimwambia chai ya Bungoma ni nyepesi.

Kikao kilikuwa Jumamosi mchana, sebuleni kwa mama, magunia ya mavuno yakiwa yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari kwa kuwa ghala lilijaa. Baba mdogo alikaa kiti cha marehemu baba. Mama alikuwa karibu naye. Ndugu yangu aliketi pembeni akitazama mikono yake. Mke wake alikaa kwenye mkeka na mtoto amelala mapajani, na alikuwa anamsuka nywele kidogokidogo asimwamshe.

"Sisi hatuna ubaya na huyu mama," baba mdogo alianza. "Amefanya kazi, tumeona. Lakini hii ugonjwa haikuwa kwa hii boma. Tukiwacha tu hivi, kesho itakuwa watoto watatu, wanne. Na sisemi kwa kichwa yangu, mimi sikusoma. Wewe mwenye kusoma, si wewe ndio ulisema? Sema basi wote wasikie."

Wote walinigeukia isipokuwa yeye. Aliendelea kusuka.

Nilifikiria kunyamaza, na ninataka ieleweke kwamba nilifikiria kweli, si kwa kupepesa jicho. Ningesema tu, "Ndivyo, baba," na ifikapo Krismasi jina lake lisingetajwa tena na mama. Hakuna ambaye angejua. Yeye mwenyewe angesema wazazi wote wawili, kama alivyosema mwanzo, na wangemwona anajitetea. Niliutamani ukimya ule kama mtu anavyotamani chakula cha mwenzake. Kisha mtoto akakoroma kidogo, nikaviona vidole vyake vikiwa wazi juu ya mkeka, nikakumbuka swali la tano.

Niliinuka nikaenda jikoni nikarudi na mahindi na maharagwe kiganjani. Nilipiga magoti nikaweka juu ya meza ndogo.

"Kila mtu amezaliwa na punje mbili," nilisema. "Moja ya baba, moja ya mama. Hindi ni damu nzuri, haragwe ni ugonjwa. Huyu mtoto ni mgonjwa, kwa hivyo ako na maharagwe mawili. Moja alipewa na mama yake. Hilo lingine alipewa na nani?"

Baba mdogo alivuta meza karibu. Mkulima hadanganyiki kwa punje. Alizisogeza kwa kidole, akajaribu kama nilivyojaribu mimi dukani, akampa mama wa mtoto maharagwe yote mawili.

"Huyo angekuwa mgonjwa yeye mwenyewe," nilimwambia. "Na angempa mtoto moja tu."

Alichukua haragwe moja akalisogeza upande wa ndugu yangu. "Kwa hivyo hii nyingine ni yetu."

"Ni yetu. Ndugu yangu amebeba haragwe pamoja na hindi, ndiyo maana haugui. Na yeye alipewa na baba ama mama. Mimi pia naweza kuwa nayo. Sijapimwa."

"Na mbona uliniambia imetoka kwake?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilisema kwa wivu, mama."

Ndugu yangu aliinua kichwa akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Baba mdogo alikusanya punje akazitia mfukoni mwa koti, sijui kwa nini. "Basi hii maneno tuiwache," alisema, akaomba chai. Hakuna aliyemwomba msamaha mke wa ndugu yangu, hata mimi. Yeye ndiye aliyekwenda kuipika chai hiyo.

Matokeo yalitoka Januari. Alipata B. Mimi nilipata C ya kutoa, hatua moja chini ya mlango, na nilisoma ujumbe wa simu mara nyingi nikidhani herufi zitabadilika. Barua ya chuo ilipokuja nilimsaidia kufungasha vitu pale Tuwan. Nilikuwa nimeshapimwa wakati huo, na ninayo, haragwe moja, na mwalimu wa Kimilili naye alikubali kupimwa, akakutwa hana. Nilikunja blanketi zake nikijitahidi kuonekana mchangamfu. Wivu ulikuwepo, lakini nilikuwa na kitu cha kuuliwaza: siku ile Tongaren, mbele ya wote, nilikuwa nimesema ukweli uliomwokoa, na niliusema kwa hiari yangu. Nilijiona mkubwa kwa hilo. Nilikuwa nikilikumbuka kila siku nikiosha vyombo.

Alivuta mkebe kutoka chini ya kitanda, akachambua pakiti, akanipa moja iliyokunjwa mara mbili.

"Hii ni yako, mulamwa."

Niliacha kukunja blanketi. "Ulijua?"

"Si ni mimi nilikuwekea? Zile zingine zote hukaa ndani. Hii nikaweka juu ya kifuniko, nikachukua ndoo."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Niliwaambia, mwaka ule mwingine. Ulicheka." Alisema bila uchungu, akifunga kamba ya begi. "Mimi nikiwa na jibu, wanasema najitetea. Wewe ukiwa nalo, wataskia. Lakini jibu langu usingechukua. Nikasema wacha nikupatie swali."

"Na kama ningekuta imeandikwa jina langu?"

"Hungesoma," alisema, akacheka. "Ulisoma vizuri sababu ulidhani umeiba."

Niliikunja pakiti nikaitia mfukoni. Lile jambo moja jema nililolifanya mwaka mzima, lile nililokuwa nikiliosha pamoja na vyombo, alilipanga yeye, akaenda kuoga, akaniacha nilifanye. Nilibeba sanduku lake kichwani mpaka stegi ya matatu, na njia nzima nilimwonea wivu.